Nembo ya Maandishi: Hesabu za Neno MAISAKA

Nembo nyingi hubeba picha: mnyama, mwenge, jembe. Ziko nyingine zisizo na picha yoyote, ambamo neno lenyewe, kwa umbo la herufi zake, ndilo alama. Wavaaji wa kanga wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hili. Maneno «Mali ya Abdulla», yanayochapwa kwenye kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1887, humtosha mnunuzi kujua kanga imetoka kwa nani.

Makala haya yanaeleza jinsi nembo ya namna hiyo inavyosanifiwa kwa programu ya kuchorea ya kompyuta. Kwa mfano, na tuwafikirie wafugaji nyuki wa Maisaka, katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Wanataka neno MAISAKA liandikwe mahali pawili: kwenye kibandiko cha chupa ya asali, kwa upana wa sentimita 6, na kwenye bango la mita 3 kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, ipitayo Babati. Neno ni lile lile, lakini la pili ni kubwa mara 50 kuliko la kwanza. Kikundi cha namna hii kwa kawaida hulipia bango mara moja tu. Likishapakwa rangi na vibandiko vikishachapwa, herufi mbaya haziwezi kufutwa kwa kifutio.

Nukta au mpindo

Programu za kuchorea ni za namna mbili. Namna ya kwanza huihifadhi picha kama vijiraba vidogo vyenye rangi, viitwavyo pikseli. GIMP, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ni ya namna hiyo, nayo yafaa sana kwa kusahihisha picha za kamera. Namna ya pili huhifadhi maelezo ya mistari: inaanzia wapi, inapinda vipi, inaishia wapi. Mfano wake ni Inkscape, iliyoanza mwaka 2003. Zote mbili hupatikana bila malipo, na shule yenye kompyuta moja tu yaweza kuwa nazo.

Ikiwa neno MAISAKA limehifadhiwa kwa pikseli 300 kutoka mwanzo hadi mwisho wake, basi kwenye bango la mita 3 kila pikseli itakuwa na upana wa sentimita 1. Abiria aliye mita 100 hataziona pikseli hizo. Mteja aliyesimama mita 10 kutoka kwenye bango ataziona, na herufi S itaonekana kama ngazi. Mistari iliyohifadhiwa kwa hesabu haina kasoro hiyo, kwa kuwa kuikuza ni kuzidisha tu namba zake kwa 50.

Hesabu yenyewe ilizaliwa katika viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliigundua akiwa Citroën mwaka 1959, lakini kampuni yake iliificha kama siri. Pierre Bézier wa Renault aliitangaza katika miaka ya 1960, na hivyo mipindo hiyo hadi leo huitwa kwa jina la Bézier. Msingi wake ni mwepesi kiasi cha kufundishwa kwa karatasi ya miraba na rula. Wekeni nukta tatu: (0,0), (0,8) na (8,8). Tafuteni katikati ya nukta ya kwanza na ya pili, yaani (0,4). Kisha katikati ya nukta ya pili na ya tatu, yaani (4,8). Sasa tafuteni katikati ya hizo mbili: (2,6). Hapo ndipo mpindo unapopita. Badala ya nusu, mwanafunzi akichukua robo, na halafu robo tatu, atapata nukta nyingine, na akiziunganisha ataona mpindo unajitokeza.

Je, huo ni robo ya duara? Kitovu kikiwa (8,0) na nusu kipenyo kikiwa 8, umbali kutoka kitovu hadi (2,6) ni 8.49. Mpindo umetokeza nje kwa asilimia 6, na jicho lililozoea litaliona jambo hilo. Fonti za namna ya TrueType, zilizotokea mwaka 1991, hutumia mipindo hii ya nukta tatu, na huondoa tofauti hiyo kwa kuunganisha vipande vingi vifupi. Lugha ya kuchapia ya PostScript, ya mwaka 1984, hutumia nukta nne. Nukta zikiwa (0,0), (0,4.42), (3.58,8) na (8,8), kazi ile ile ya kutafuta katikati hurudiwa hatua tatu badala ya mbili, na umbali kutoka kitovu hutoka 8.00.

Nafasi kati ya herufi

Hapa ndipo nembo nyingi zinapoharibika. Msanifu mgeni huchukua rula na kuweka nafasi sawa kati ya herufi zote, kisha hushangaa kuona neno limekatika vipande. Jicho halipimi umbali kati ya nguzo. Hupima eneo la weupe uliobaki, kana kwamba mtu amemwaga mchanga kati ya herufi.

Chukueni herufi za kimo cha vizio 10. Nguzo mbili zilizosimama wima, zikiachana kwa vizio 3, huacha eneo la 30 kati yake. Sasa wekeni A yenye kilele kikali na kitako cha vizio 8 kando ya nguzo ya I. Mteremko wa A pekee huacha pembetatu ya weupe yenye eneo la ½ × 4 × 10, yaani 20. Ili jumla iwe 30, mguu wa A na nguzo ya I yapasa viachane kwa kizio 1 tu. Hesabu hiyo hiyo yahusu M na A. Mwanafunzi hodari atauliza juu ya A mbili zilizofuatana, kama katika SAA au MAANA. Kanuni hudai nafasi ya −1, yaani miguu ipandane! Hapo kanuni imefika mwisho wake, na msanifu hulegeza nafasi za herufi nyingine ili zilingane na pengo lisiloepukika. Kiswahili kimejaa A, kwa hiyo tatizo hili litamkuta kila anayeandika kwa herufi kubwa.

Herufi S inahitaji uangalifu wa peke yake. Kwa jiometri, ikizungushwa nusu mzunguko yapaswa kubaki vile vile. Lakini jicho hukikuza kidogo kilicho juu, na kwa sababu hiyo wasanifu huifanya sehemu ya juu ya S iwe ndogo kuliko ya chini. Geuzeni S ya fonti yoyote nzuri juu chini katika programu, nayo itaonekana imelemewa kichwa. Aidha, mipindo yake huvuka kidogo mstari wa juu na wa chini, la sivyo huonekana fupi kuliko M na I.

Unene wa mistari huamuliwa na barabara. Mwaka 1862 Herman Snellen wa Utrecht alitengeneza chati ya kupimia macho ambamo herufi ya kiwango cha jicho zima hufanya pembe ya dakika 5, na unene wa mstari wake dakika 1, yaani moja ya tano ya kimo. Kwenye bango letu kimo cha herufi ni sentimita 50. Mstari wa sentimita 10 hufikia mpaka wa kuonekana kwenye mita 344 hivi. Mstari mwembamba wa sentimita 2.5, ambao wengi huuona wa kupendeza kwenye kioo cha kompyuta, hufikia mita 86 tu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita mita 14 kila sekunde, hivyo huo wa pili hauachi hata sekunde 7, tena kwa jicho zima na hewa isiyo na vumbi.

Kazi ikikamilika, neno hugeuzwa kutoka maandishi kuwa mistari mitupu kabla ya kupelekwa kwa mchapaji. Kompyuta ya mchapaji isipokuwa na fonti ile ile, huweka nyingine bila kuuliza, na nafasi zote zilizohesabiwa hupotea. Nakala ya mwanzo, ambayo bado ni maandishi, ihifadhiwe kando, kwa kuwa neno lililokwisha kugeuzwa mistari haliwezi tena kuhaririwa kwa kuchapa herufi, na siku kikundi kitakapotaka kuongeza neno ASALI chini yake, ndiyo itakayohitajika.