Matembezi Kando ya Maji: Miguu Isiingie Majini

Kijitabu kwa nyumba za Kalerwe

Tembeeni

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa mwendo wa kuchangamka kila wiki. Nusu saa kwa siku 5 inatosha. Watoto wanahitaji saa nzima ya kucheza na kukimbia kila siku, na hapa Kalerwe, kati ya vibanda vya soko na bodaboda za barabara ya Gayaza, hawana nafasi hiyo. Watoeni nje.

Pa kwenda

Asubuhi pandeni kilima cha Makerere. Jumapili nendeni Ziwa la Kabaka, bwawa lililochimbwa na watu zama za Kabaka Mwanga, miaka ya 1880. Hata bibi mwenye maumivu ya magoti ataweza kutembea kando yake polepole. Sikukuu, wengi huenda ufuo wa Ggaba, au bustani ya mimea ya Entebbe iliyoanzishwa 1898, yenye miti mikubwa na nyasi zinazoteremka hadi ziwani. Hapo ziwani ndipo ninapowahofia.

Miguu isiingie majini

Ziwa Viktoria lina kichocho, yaani bilihazia. Huhitaji kuyanywa maji wala kuwa na kidonda: vijidudu vyake hupenya ngozi isiyo na jeraha kwa dakika chache. Mtoto aliyesimama kwenye maji ya kina cha vifundo vya miguu ameshajiweka hatarini. Hali kadhalika mama anayesuuza sahani ufuoni, kijana anayeosha pikipiki, na baba anayemshika mtoto mkono ili aonje ubaridi wa maji. Maji kuwa maangavu si dalili ya usalama. Penye majani na konokono pana hatari zaidi. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kumeza dawa ya kichocho mwaka jana si kinga. Kaeni kwenye nyasi, chezeni mpira, kuleni, pigeni picha, lakini miguu isiingie majini.

Maji ya kunawa na kunywa yabebeni kutoka nyumbani. Ya kunywa yawe yamechemshwa.

Haja

Tumieni choo, kamwe si ziwani wala vichakani kando yake, kwa sababu kinyesi cha mgonjwa ndicho kinachorudisha kichocho majini.

Mashua

Bila jaketi la kuokolea, usipande.

Mfereji wa Nsooba

Si mahali pa kuchezea, hata siku moja. Mvua ikinyesha unafurika na kubeba uchafu wa vyoo, na mtoto husombwa mzazi akitazama. Hapo pia, miguu isiingie majini.

Kama umeshaingia

Angalia ngozi kuwasha, homa wiki chache baadaye, tumbo kuuma, kuhara damu. Wengine hawaoni dalili yoyote. Msingoje damu kwenye mkojo: kichocho cha Ziwa Viktoria ni cha matumbo. Kikiachwa miaka mingi huharibu ini, tumbo hujaa maji, mgonjwa hutapika damu. Wagonjwa wanatufikia sisi wahudumu wa afya wamechelewa, na inaniuma kwa sababu dawa ipo: prazikwanteli. Wizara ya Afya ilianza kuigawa mwaka 2003 katika maeneo yenye kichocho kingi. Wewe wa Kalerwe usingoje kugongewa mlango. Nenda kituo cha afya cha serikali, useme waziwazi kwamba uliingia ziwani na lini. Ukipimwa choo katika wiki za kwanza na kipimo kisionyeshe kitu, rudi upimwe tena baada ya miezi 2.