SOMO LA AFYA: CHAI BARIDI YA MATUNDA BILA SUKARI

Joto la Juba unalijua. Machi 2024, na tena Februari 2025, shule za Sudan Kusini zilifungwa kwa sababu yake. Siku kama hizo mtu wa Lemon Gaba hutamani karkade au ukwaju wenye barafu. Je, umewahi kuuliza barafu ile imetokana na maji gani? Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu. Barafu ikiyeyuka, vimo kikombeni. Juba ilipata kipindupindu mwaka 2014, 2015 na 2016, na mlipuko mwingine ulianza nchini mwaka 2024.

Afadhali utengeneze nyumbani. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua maji lita 1, tende 6 zisizo na kokwa, embe 1 lililoiva, ulioshe, ulimenye na kulikata, na konzi moja ya karkade, yale maua mekundu makavu ya sokoni. Chemsha vyote pamoja dakika 10. Wengi hutia tunda mwishoni, chai ikishapoa. Usifanye hivyo, maana kisu au mkono mchafu utaharibu kazi yote. Epua, tia majani ya chai kijiko 1 kidogo, funika dakika 3 tu, yasije yakawa machungu. Ponda tende kwa mwiko safi, kisha chuja. Onja kabla ya kukimbilia sukari! Msimu wa embe ukipita, ongeza tende.

Acha ipoe ikiwa imefunikwa, kisha mimina katika chupa safi yenye kifuniko. Izungushie gunia bichi, uiweke kivulini penye upepo. Maji ya gunia yanapokauka huondoka na joto, kama ilivyo kwa mtungi wa udongo. Si baridi ya friji, lakini koo litashukuru. Inywe siku hiyohiyo.

Mama mjamzito asinywe chai hii pamoja na chakula. Angoje saa moja, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma yanayoongeza damu. Mwenye kisukari akumbuke kuwa tende nazo zina sukari. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu.

Mtu akiharisha, chai hii si dawa. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna, changanya maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kidogo, vyote vya kufuta. Aendelee kunywa njiani mkienda kliniki.