Nyani wa Mikumi na Ndoa Isiyo na Mtoto

Kila apitaye barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa huwaona nyani wamekaa kando ya lami ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Watoto hucheka wakimwona jike mwenye makalio yaliyovimba na kuwa mekundu, na wapo watu wazima wanaodhani ni kidonda. Si ugonjwa. Ni alama kwamba yai lake linapevuka. Uvimbe ukianza kunywea, yai limekwisha kutoka au liko karibu sana kutoka.

Kwa ajili ya alama hiyo wataalamu wa uzazi wamemtumia nyani kwa miaka mingi. Mzunguko wake wa hedhi ni wa siku zipatazo 33, si mbali na zile 28 za mwanamke, naye hubeba mimba ya mtoto mmoja kwa miezi sita hivi. Huko Nairobi, Kituo cha Utafiti wa Nyani kilichoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960 kimechunguza kwa nyani maradhi ya mji wa mimba yanayowatesa akina mama kwa maumivu makali ya hedhi.

Jambo moja walilojaribu wataalamu ni kuhamisha mimba changa. Yai likisharutubishwa, huelea siku kadhaa kabla ya kujishika kwenye ukuta wa mji wa mimba. Katika siku hizo huweza kutolewa kwa jike mmoja na kuwekwa kwa mwingine. Mwingereza Walter Heape alifanya hivyo kwa sungura mwaka 1890. Kwa nyani ilikuwa kazi ngumu zaidi, na habari ya mtoto wa nyani aliyezaliwa kwa njia hiyo ilitangazwa Marekani mwaka 1976. Miaka miwili baadaye, 1978, alizaliwa Uingereza Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye yai la mama yake lilirutubishwa katika chombo cha maabara. Afrika Mashariki huduma hiyo ilizaa watoto Kampala mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006, kwa gharama ya mamilioni ya shilingi.

Wanyama hawa walituonyesha wazi jinsi wakati ulivyo muhimu. Mimba changa ikiwekwa kwa jike ambaye siku zake hazilingani na za yule aliyeitoa, haishiki, hata kama ni nzima kabisa. Ni kama mahindi yaliyopandwa kabla ya mvua. Tena hata siku zikilingana, nyingi hupotea. Ndivyo ilivyo kwa binadamu pia: mayai mengi yaliyorutubishwa hupotea kabla mama hajajua lolote. Basi mama aliyekaa miezi minne bila kushika mimba asiitwe tasa. Waganga husubiri miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga ndipo waanze uchunguzi, ingawa mwenye zaidi ya miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6.

Mwanamke hana uvimbe wa kumwonyesha siku zake, lakini ana ute. Ukiwa mwepesi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, siku za rutuba zimefika. Yai huishi saa 24 tu au pungufu. Mbegu za mume zaweza kungoja hadi siku tano.

Kanisa, katika hati *Donum Vitae* ya mwaka 1987, halikubali mimba kutungwa maabara, lakini linaunga mkono tiba inayosaidia tendo la ndoa lizae. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia yoyote ni mtoto kamili, asinyooshewe kidole.

Narudi Mikumi. Watafiti walianza kuwafuata nyani wa hifadhi hiyo mwaka 1974. Mmoja wao, Samuel Wasser, aliona kwamba majike walioshambuliwa mara nyingi na majike wenzao walipata shida zaidi kushika mimba. Mwanadamu si nyani, na siwezi kusema kwamba matusi ya mawifi huziba mirija. Lakini sioni faida ya kumsimanga mke aliye katika uchunguzi.

Mirija huzibwa hasa na kisonono na klamidia zisizotibiwa, au maambukizo baada ya kujifungua au kutoa mimba. Mwenye uchafu wenye harufu au maumivu chini ya kitovu atibiwe mapema, pamoja na mwenzake. Na akina baba, njooni na wake zenu. Karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto, tatizo lipo pia kwa mume, na kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vingi vya mke. Mume akae siku mbili hadi saba bila kukutana na mkewe kabla ya kupimwa, na matokeo ya kwanza yakiwa mabaya, apimwe tena baada ya miezi mitatu.