Kubadili Pampu ya Mafuta ya Presha Kubwa Nyumbani

Je, gari lako lina pampu hii? Tazama kava la injini. Toyota zenye maandishi D-4 na Mitsubishi zenye GDI zinayo. Pampu ya kwenye tangi husukuma petroli kwa presha ndogo, takriban bar 3 hadi 4. Ile ya juu ya injini huipandisha kufikia bar 50 au zaidi, ili nozeli ziinyunyize ndani ya silinda. Ya dizeli mwachie fundi. Presha yake huweza kupita bar 1,000.

Utajuaje kuwa ndiyo mbovu? Gari huwaka kwa shida, hukosa nguvu mlimani, na taa ya injini huwaka. Lakini hata filta chafu huleta dalili hizo. Lipia kwanza kipimo cha mashine gereji. Ni nafuu kuliko kununua pampu usiyoihitaji.

Utanunua wapi? Anza na maduka ya spea hapa mjini Morogoro. Ikikosekana, agiza Kariakoo, Dar es Salaam. Nenda na namba ya chesisi na ya injini. Uliza bei ya mpya na ya iliyotumika, ukijumlisha oringi na bomba jipya la presha. Dai risiti yenye waranti.

Usalama je? Morogoro tunaujua moto wa petroli: lori la mafuta lililopinduka na kuwaka moto Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 liliua zaidi ya watu 100. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara, mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu. Namba ya Zimamoto ni 114.

Hatua zenyewe:

1. Injini ikiwa ya baridi, chomoa fyuzi ya pampu ya tangi, washa injini mpaka izimike yenyewe, kisha piga stata tena kidogo. Presha itashuka.
2. Toa waya hasi wa betri.
3. Funika bomba la presha kwa kitambaa, lilegeze polepole, kisha litoe.
4. Legeza bolti za pampu kwa zamu, kidogo kidogo, maana springi inaisukuma.
5. Paka oringi mpya oili, funga pampu kwa zamu vilevile, kisha bomba jipya, ukikaza kwa spana ya kipimo.
6. Rudisha fyuzi na betri, fungua swichi mara kadhaa bila kupiga stata, kisha washa.

Kagua uvujaji kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Petroli ya presha hupenya ngozi. Ikikuchoma, hata tundu likiwa dogo, nenda hospitali mara moja.

Mwisho, nusa kijiti cha oili. Kikinuka petroli, badilisha oili kabla ya safari.