Kompyuta Inapoganda Katikati ya Filamu: Tutafuteje Chanzo?

Shule nyingi hutumia kompyuta zilizokwisha kutumika mahali pengine. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari iliyopo Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe, ambamo hupita barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA. Mwalimu wa Biolojia anatia diski ya filamu ielezayo mzunguko wa damu. Programu ya kuchezea filamu iliyokuja pamoja na kompyuta inafunguka, picha zinaonekana, kisha ghafula kila kitu kinaganda, au mashine inazimika na kuwaka upya. Fundi anashauri inunuliwe kompyuta nyingine. Je, yafaa fedha za shule zitumike kabla chanzo cha hitilafu hakijajulikana?

Katika makala haya tutaonyesha kwamba jibu hupatikana kwa njia ile ile itumiwayo katika maabara: kutazama kwa makini, kukisia sababu, na kubadili jambo moja tu katika kila jaribio.

Safari ya picha

Diski ya DVD ina kipenyo cha sentimita 12 na unene wa milimita 1.2. Habari zake zimeandikwa kwa vishimo vidogo mno, vilivyopangwa katika mstari uzungukao kutoka katikati kwenda nje, mithili ya gamba la konokono. Vishimo hivyo husomwa kwa mwali wa leza mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 hivi. Habari hizo zimebanwa ili zienee katika diski. Kwa hiyo prosesa, ikisaidiwa na kadi ya picha, haina budi kuzifumua upesi na kutengeneza picha zipatazo 25 au 30 kila sekunde.

Basi hitilafu yaweza kutokea katika diski na kifaa kiisomacho; katika programu ya kuchezea; katika draiva, yaani programu ndogo iiongozayo kadi ya picha; au katika mashine yenyewe, hasa kwa sababu ya joto.

Hitilafu hutokea lini?

Ichezwe filamu mara tatu, na kila mara iandikwe dakika ambapo kompyuta iliganda.

1. Ikiwa huganda katika tukio lile lile la filamu, na diski nyingine zinacheza vizuri, ishukiwe diski. Ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Sababu ni hii: diski huandikwa pamoja na hesabu za ziada za kusahihishia makosa. Makosa machache yaliyotawanyika husahihishika, lakini mchubuko ufuatao mstari wa vishimo huharibu habari nyingi zinazofuatana.

2. Ikiwa huganda baada ya muda ulio karibu sawa, filamu yoyote ichezwayo, lishukiwe joto. Kufumua picha ni kazi nzito, na vumbi likiziba njia za hewa, joto halitoki. Kompyuta nyingi hujizima zenyewe ili zisiungue. Izimwe, ichomolewe katika umeme, kisha vumbi liondolewe kwa brashi laini huku feni imezuiwa isizunguke.

3. Ikiwa huganda mara tu filamu yoyote inapoanza, ishukiwe programu au draiva. Diski ile ile ichezwe kwa programu nyingine, kwa mfano VLC, ambayo hutolewa bila malipo. Ikicheza vizuri, yaelekea diski na kifaa chake ni vizima. Kisha, katika mipangilio ya programu ya kwanza, uzimwe msaada wa kadi ya picha. Kuganda kukikoma, draiva ndiyo ya kushukiwa, na yafaa iwekwe ile inayolingana na mfumo wa kompyuta.

Jambo hili la tatu hutokea sana pale mfumo wa kompyuta ulipobadilishwa, ilhali programu ya filamu imebaki ile ya zamani, iliyotengenezwa kulingana na mfumo wa kwanza.

Yafaa pia kutofautisha hali mbili. Programu ya filamu ikifunga peke yake, kosa huenda limo ndani yake. Lakini kompyuta nzima ikianguka, tutazame zaidi draiva, joto, kumbukumbu au umeme, kwa kuwa mifumo ya siku hizi hujengwa ili programu ya kawaida ianguke bila kuiangusha mashine.

Kukataa si kuanguka

Diski nyingi za filamu zina namba ya kanda. Tanzania na Zambia zimo katika kanda ya 5, lakini Afrika Kusini imo katika kanda ya 2. Diski iliyotoka huko yaweza kukataliwa kwa ujumbe wa maandishi. Huo si ubovu. Tahadhari: kwa kawaida kifaa kisomacho diski huruhusu kanda ibadilishwe mara 5 tu.

Mazoezi

1. Kompyuta iliganda katika dakika ya 22, kisha ya 21, kisha ya 23, kwa filamu tatu mbalimbali. Taja sababu unayoikisia, na ueleze jaribio la kuihakiki.

2. Mwanafunzi alisafisha diski, akabadili draiva na kuondoa vumbi kwa siku moja. Kompyuta ikapona. Kwa nini bado hajui chanzo?