Netsuke za Mti: Maswali ya Mkusanyaji Mpya

Miongoni mwa sanaa za Wajapani wa kale, netsuke za mti ni katika zile zipendwazo mno na wakusanyaji, na kwa sababu iyo hiyo ni katika zile zighushiwazo mno. Yafuatayo ni majibu ya maswali ambayo anayeanza aghalabu huuliza.

Netsuke ilitumika vipi?

Katika zama za Edo, tangu 1603 hata 1868, kimono haikuwa na mifuko. Basi mwanamume aliyetaka kuchukua kifuko cha tumbaku, au bweta dogo la dawa liitwalo inro, alikitundika kwa ugwe uliopita nyuma ya mshipi, na kwenye ncha ya juu ya ugwe huo akatia kishikizo cha kuuzuia usichomoke. Kishikizo hicho ndicho netsuke. Ilipasa itoshee kiganjani, iwe imara, wala isiwe na ncha kali za kunasa nguo. Na ndani ya mipaka hiyo fundi alichonga wanyama, masheha na mazimwi.

Kwa nini nianze na za mti?

Kwa kuwa mti hauwezi kuficha historia yake. Mti wa tsuge, ambao hukua polepole na nyuzi zake zimeshikamana sana, hukubali nakshi nyembamba bila kumeguka. Miwa wa Edo alipendelea mcheri. Na Sukenaga wa Takayama alichonga mti wa ichii, akaacha alama za patasi zionekane dhahiri. Tena, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika, ambazo nazo zilichongwa netsuke, ilipigwa marufuku mwaka 1989, na mkusanyaji wa za mti amesalimika na dhima hiyo.

Nitaitambuaje iliyovaliwa kweli?

Igeuze utazame matundu mawili ya ugwe, yaitwayo himotoshi, ambayo mara nyingi moja lake ni kubwa kuliko la pili ili fundo lipate kufichika humo. Ugwe uliovutwa miaka mingi hulainisha kingo za matundu. Mkono na nguo hung'arisha pua, magoti na mgongo wa mnyama, hali rangi ya awali ingali ndani ya mikunjo. Mwenye kughushi huichovya yote katika rangi moja, au akaikwangua mahali ambapo nguo haikuweza kufika kabisa.

Je, sahihi ya fundi si ushahidi wa kutosha?

La, haitoshi. Mwaka 1781 Inaba Tsuryu wa Osaka alitoa kitabu *Soken Kisho*, kilichoorodhesha wachongaji wa netsuke, na tayari humo alitaja ya kuwa ng'ombe waliochongwa na Tomotada wa Kyoto walikuwa wakighushiwa. Zaidi ya hayo, kazi nyingi bora hazina jina lolote. Soma sahihi mwisho, baada ya kuridhika na uchongaji na uchakavu.

Ustadi gani unastahili kuchunguzwa kwa makini?

Tafuta ukibori. Fundi hubonyeza uso wa mti kwa chuma butu, kisha huchonga uso wote hata ulingane na yale mabonyeo, ndipo anapoulowesha maji. Palipobonyezwa huvimba na kuinuka, pakawa chunjua za mgongo wa chura ambazo patasi haikuzigusa.

Nizitunzeje?

Ziepushe na jua, joto na ukavu uwezao kuupasua mti, wala usizioshe, usizipake mafuta, usizitie vanishi. Mng'aro uliofanywa na mikono ya vizazi huweza kupotea kwa saa moja, nao haurejeshwi na fundi yeyote.

Nianzie wapi?

Anza kwa macho kabla ya mkoba: zitazame za mwanamfalme Takamado katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, au zile za British Museum mjini London. Kisha nunua moja tu, isiyo na sahihi, iliyochakaa kwa haki, nawe uizoee. Kwani aliyekwisha kuyajua matumizi ya kweli kwa vidole vyake ni vigumu kuhadaiwa na jina.