Harufu ya Petroli Katika Gari ya Kikundi

Somo letu safari hii ni la gari. Vikundi vingi vimenunua pikapu ya mtumba ya kubebea maziwa, nyanya au viti vya kukodisha. Mkutano mmoja niliohudhuria ulizozana saa mbili nzima juu ya pikapu kama hiyo. Mweka hazina alisema dereva anauza mafuta, maanake ukipanda hiyo gari unanusa petroli mpaka kichwa kinauma. Dereva naye akakasirika, akaweka funguo mezani. Tulipotoka nje kuangalia, kumbe mdomo wa tangi ulikuwa umezibwa kwa kitambaa. Kifuniko kilipotea zamani na hakuna aliyekumbuka ni lini.

Siwaambii kwamba kitambaa hicho ndicho kilichokula pesa za mafuta. Mvuke unaopotea ni kidogo ukilinganisha na yale injini inayoyachoma. Lakini harufu ilikuwa na sababu yake, na akina mama walikuwa wakipanda gari hiyo na watoto kila siku ya soko.

Petroli haingoji moto ili itoe mvuke. Hutoa mvuke hata wakati wa baridi, na juani hutoa zaidi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu kama moshi, bali hutambaa chini na kukaa mashimoni ukingoja cheche. Tunakumbuka Sachangwan mwezi wa Januari 2009, na Sinai kule Nairobi mwezi wa Septemba 2011. Watu waliokuwa wakichota petroli iliyomwagika waliungua, na wengi wakafa. Tena kuna jambo la afya. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kenya mwaka wa 2006, na wengine wakafikiri tangu hapo mvuke hauna madhara. Si kweli. Petroli ina kemikali iitwayo benzeni, na imethibitishwa kwamba benzeni husababisha saratani ya damu kwa watu wanaoivuta kwa muda mrefu.

Sasa tuone gari inavyotengenezwa ili kuzuia mvuke huo. Tangi ni lazima lipumue. Mafuta yakipungua, hewa iingie. Jua likiwaka, mvuke utoke. Zamani ulitoka tu ukaenda zake. Serikali ya jimbo la California, Marekani, ilikataza jambo hilo kwa magari mapya ya mwaka wa 1970, na mwaka uliofuata nchi yote ya Marekani ikafuata. Watengenezaji wa Japani nao wakaweka kifaa hicho, ndiyo maana kimo katika gari nyingi tunazoagiza kutoka huko.

Kifaa chenyewe ni mkebe mweusi wenye makaa maalum ndani, yenye vitundu vidogo sana. Katika pikapu nzee mkebe huwa karibu na injini. Katika gari nyingi za karibuni uko chini, jirani na tangi. Mpira mmoja unaleta mvuke kutoka kwa tangi, na makaa yanaushika. Injini ikiendelea kufanya kazi, vali ndogo hufunguka, injini ikafyonza mvuke ule na kuuchoma. Basi, hakuna kinachotupwa.

Kazi hii mnaweza kuanza wenyewe nyumbani, lakini kwa masharti. Gari iwe nje, si ndani ya banda. Injini iwe imepoa. Ondoeni waya wa betri wa upande wa hasi. Sigara, jiko na koroboi vikae mbali, na watoto pia. Kamwe msitafute mahali panapovuja kwa kiberiti; nimeona mtu akitaka kufanya hivyo na nilimpigia kelele mbele ya wageni.

Anzeni na kifuniko cha tangi, kwa kuwa ndicho rahisi kabisa. Angalieni mpira wake wa duara. Ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama kwato, nunueni kifuniko kingine cha aina ya gari yenu. Msikubali chochote kinachoingia tu. Kifuniko halisi kina kivali kinachoruhusu hewa kuingia tangi linapovuta. Kile cha kuchongeshwa hakina.

Halafu fuateni mipira kwa mkono kutoka kwa tangi hadi kwenye mkebe, na kutoka kwa mkebe hadi kwenye injini. Ikunjeni kidogo; nyufa huonekana mpira unapokunjwa. Paliposuguliwa na chuma au kutafunwa na panya, badilisheni kipande chote na mkaze klipu. Tumieni mpira wa petroli. Mpira wa kumwagilia maji utalainika na kuoza haraka, halafu mtarudi palepale.

Mkebe nao utikiseni. Ukisikia punje zikicheza ndani, au mkiona unga mweusi kwenye mpira, makaa yamevunjika na yatakwenda kuziba vali. Hautengenezwi wala hauoshwi kwa maji, tafuteni mwingine. Petroli yenyewe ikitiririka kutoka ndani, mwulizeni dereva anavyojaza tangi. Bomba la steshen likishajikata, asiongeze hata lita moja. Mafuta ya ziada huingia kwenye makaa na kuyaua.

Vali inayotumia umeme hupimwa hivi: ikiwa imetolewa na haina umeme, pulizeni kwa kutumia kipande safi cha mpira. Hewa isipite. Ikipita, vali imekwama wazi, na huenda ndiyo sababu gari inasumbua kuwaka mkishatia mafuta, au injini inatetemeka ikiwa imesimama. Pulizeni tu, msivute kwa mdomo.

Hapa nataka kukaa kidogo. Kuna mafundi wanaotoa mkebe na kuutupa, wakisema ni kitu cha wazungu. Wakiiacha mipira wazi, mvuke unamwagika chini ya gari. Wakiiziba, tangi halipumui. Gari itakwenda kilomita kadhaa na kuzimika, mkifungua kifuniko mnasikia hewa ikiingia kwa nguvu, kisha inawaka tena. Nimejua kikundi kilichonunua pampu mpya ya mafuta kwa ugonjwa huo, na pampu ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Petroli ikidondoka, au tangi likitoboka, kazi yenu imeishia hapo. Msiiwashe gari, mwiteni fundi aje. Tena asiruhusiwe kuchomelea tangi eti kwa sababu ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke, na ndilo hulipuka.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

Gari yetu ina kifuniko halisi cha tangi? Nani alikiangalia mara ya mwisho?

Nani anakaa karibu na tangi tunaposafiri, na tunabeba jerikeni za petroli pamoja na watu?

Dereva akisema gari ina harufu, anamwambia nani, na ni nani mwenye ruhusa ya kutoa pesa za mpira siku hiyohiyo bila kungoja mkutano wa mwezi?